Kijana Akione Chuo Kabla ya Kukichagua

Kila ufikapo mwezi wa Julai, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya kidato cha sita, na katika majuma machache yanayofuata maelfu ya vijana wa Bara na Visiwani huamua jambo litakalowaongoza kwa miaka mingi ya maisha yao. Hujaza majina ya vyuo. Walio wengi hawajapata kukanyaga hata kimoja kati ya vyuo wanavyovijaza. Wanavijua kwa sifa, kwa picha, kwa maneno ya jirani aliyesoma huko zamani, au kwa sababu jina la chuo ni zito likitajwa barazani. Mzazi aendaye dukani kununua doti ya kanga huikunjua, akaishika na kuitazama rangi yake juani, kisha ndipo afungue mkoba. Lakini mzazi huyohuyo humpeleka mwanawe chuoni kwa miaka mitatu au minne bila hata kuuliza atalala wapi. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Zamani hapakuwa na haja ya kulinganisha, kwa kuwa hapakuwa na viwili vya kulinganishwa. Mwalimu Julius Nyerere alipomaliza masomo yake katika Shule ya Serikali ya Tabora mwaka 1942, njia ya elimu ya juu iliyokuwa mbele yake ilikuwa moja tu, nayo ni ya Makerere, kule Uganda. Ndiyo hiyohiyo aliyoishika Chifu Abdallah Fundikira wa Unyanyembe, aliyekwenda kusomea kilimo. Vijana wa Unguja na Pemba waliobahatika nao walivuka bahari wakapanda mpaka Kampala. Hata chuo chetu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiozidi 14, tena katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba. Aliyepata nafasi siku hizo alishukuru Mungu akaenda. Hakuwa na la kuchagua.

Leo mambo yamegeuka. Anayeondoka Visiwani akaifuata njia ya kati kuelekea magharibi hukutana na vyuo tangu pwani mpaka Unyamwezi. Kabla hata hajavuka bahari amekwisha kuviacha nyuma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Chuo Kikuu cha Zanzibar cha Tunguu, kilichoanza mwaka 1998. Akishuka bandarini anakikuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Morogoro kuna Sokoine na Mzumbe. Dodoma kuna Chuo Kikuu cha Dodoma na kile cha Mtakatifu Yohana, vyote viwili vya mwaka 2007. Tabora kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu Mihayo. Aidha, tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake moja kwa moja kwa vyuo anavyovitaka, wala hapangiwi tena na mtambo mmoja wa taifa. Uhuru huo ni neema kubwa, lakini uhuru wa kuchagua bila maarifa ya kuchagulia ni sawa na kumpa mtu jahazi asiyejua pepo.

Watu waliopita njia hii zamani walilijua jambo hilo vizuri kutushinda sisi. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji haikuondoka kwa kusikia sifa. Kirangozi, yaani kiongozi wa wapagazi, alijua kisima kipi kina maji mwezi gani, kijiji kipi kina nafaka ya kuuza, na ni hongo kiasi gani hutozwa Ugogo kabla ya msafara kuruhusiwa kunywesha na kupita. Alijua pia kwamba kati ya Ugogo na Unyamwezi lipo pori la Mgunda Mkali, na kwamba atakayeliingia bila kujaza vibuyu huenda asitoke. Burton na Speke walifika Kaze, ambayo ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, baada ya siku 134 za njia. Safari ndefu namna hiyo haifanywi kwa kubahatisha. Na masomo ya chuo kikuu ni marefu kuliko hayo mara nane.

Hivi karibuni mwandishi wa safu hii alipata nafasi ya kuipita njia hiyo pamoja na binti wa ndugu yake mmoja wa Wete, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita kwa masomo ya Historia, Kiswahili na Kiingereza. Binti huyu anataka kuwa mwalimu, lakini si mwalimu wa aina yoyote. Anaye mdogo wake wa kiume ambaye hasikii tangu alipozaliwa, na ameona kwa macho yake jinsi mtoto mwenye akili nyingi anavyoweza kukaa darasani mwaka mzima asiambulie kitu, kwa kuwa hakuna anayejua kuzungumza naye. Baba yake alikuwa na shauri moja tu: mtoto asome Dar es Salaam, kwa sababu chuo cha huko kina jina, na boti ni karibu. Mjomba wake aliyehamia Tabora akawaita wote kwenye harusi. Nasi tukasema, maadamu njia ni ileile, tusimame kila penye chuo tutazame.

Pale Mlimani, Dar es Salaam, binti alivutwa na maktaba mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 kwa msaada wa China, ambayo inaweza kuchukua watu 2,100 kwa wakati mmoja na vitabu laki nane. Alikaa humo saa mbili, akatoka macho yakimng'aa. Lakini tulipoketi chini ya mti na wanafunzi wawili wa mwaka wa pili, hakuwauliza habari za maktaba. Aliwauliza ni wangapi katika darasa lao waliopata chumba chuoni, na wasiopata wanalipa kiasi gani mtaani, na usiku wanarudije. Walimjibu kwa uwazi, naye akayaandika yote katika daftari lake. Kitabu cha mwongozo kisingempa majibu hayo.

Morogoro tulisimama Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru. Chuo hiki kilikuwa kitivo cha kilimo cha Dar es Salaam tangu mwaka 1969, kikasimama peke yake Julai 1984, kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Sokoine aliyefariki Aprili mwaka huohuo. Hapa ndipo panapofundishwa wale panya wakubwa wanaonusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu, kazi iliyosifiwa duniani. Binti alitazama mashamba ya mafunzo na mifugo, akasema kwa upole, "Ami, hapa pazuri, lakini si pangu. Kaka yangu mdogo yule mkubwa ndiye angefaa hapa, maana haachi kuhesabu mbuzi." Tukacheka. Na hilo nalo ni faida ya kutembea: mtu hujua hata mahali pasipokuwa pake, akapafikiria kwa ajili ya mwenziwe.

Kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma leo ni safari ya saa chache kwa treni mpya ya umeme iliyoanza kazi mwaka 2024. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetandazwa katika vilima vya Chimwaga, kwenye ardhi ya hekta zipatazo 6,000, nje kidogo ya mji. Mgeni wa Visiwani hushangaa, kwa kuwa eneo la chuo hicho ni kubwa kuliko visiwa vingi vidogo alivyovizoea. Hapo binti alikuta somo alilolitafuta, yaani shahada ya ualimu wa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Alifurahi sana. Alifurahia pia kwamba ni chuo cha serikali, na ada yake inajulikana. Lakini tulitembea kutoka ndaki moja hadi nyingine mpaka viatu vikajaa vumbi jekundu, naye akanong'ona kwamba mtu mgeni anaweza kupotea hapa asitafutwe. Ukubwa una faida yake na una gharama yake. Wako vijana ambao uwanja mpana huwafungua, na wako ambao huwameza.

Tulipita pia chuo kingine ambacho hatutakitaja. Karatasi zake za matangazo zilikuwa na picha nzuri ya chumba cha kompyuta. Tulipoomba kukiona, tulioneshwa mlango wenye kufuli, na mlinzi akatuambia kwamba mwenye ufunguo amesafiri. Tukawauliza wanafunzi amesafiri lini. Walitazamana, halafu mmoja akasema kwamba yeye yuko mwaka wa pili na hajapata kumwona. Hatusemi hivi ili kukivunjia heshima chuo cha watu. Twasema kwamba picha haina kufuli, lakini mlango unayo, na kufuli huonekana kwa aliyefika tu.

Kutoka Manyoni tulishika barabara ya lami ya Itigi kwenda Tabora. Vichaka vya Itigi na misitu inayofuata ndiko liliko lile pori la Mgunda Mkali lililowatisha wapagazi, na basi lilivipita kabla abiria hawajamaliza karanga zao. Tabora tulikuta harusi imekwisha kuanza. Siku ya pili yake, mjomba mwenyewe alituongoza hadi Chuo Kikuu Kishiriki cha Mihayo, kilichoanzishwa mwaka 2010 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, na kupewa jina la Askofu Mkuu Marko Mihayo wa jimbo hilo. Ni chuo kidogo ukilinganisha na tulikotoka. Hakina maktaba ya watu 2,100. Lakini nacho hufundisha shahada ya elimu ya wenye mahitaji maalumu, na katika mji huohuo iko Shule ya Viziwi ya Tabora, iliyofunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini.

Tuliruhusiwa kuketi nyuma ya darasa moja la shule hiyo. Mwalimu alifundisha hesabu kwa Lugha ya Alama, na watoto wakajibu kwa mikono upesi hata macho yetu hayakuweza kuwafuata. Darasa lilikuwa kimya, na lilikuwa na kelele. Mtoto mmoja alimgeukia binti akamuuliza jambo kwa ishara. Binti, ambaye nyumbani kwao huzungumza na mdogo wake kwa ishara walizojitungia wenyewe, hakuelewa. Mwalimu akamfasiria: "Anakuuliza una ndugu kama yeye?" Binti aliitikia kwa kichwa, na hakusema neno mpaka tulipofika nje.

Jioni ile alimpigia simu baba yake. Mazungumzo yalikuwa marefu. Baba aliuliza habari za ada, na kwa haki, maana chuo kisicho cha serikali kina hesabu zake, na mkopo si jambo la kulitegemea kabla halijatangazwa. Aliuliza habari za umbali, na kuhusu Waislamu wangapi wanasoma pale na kama hawasumbuliwi katika ibada zao. Binti alikuwa na jibu la kila swali, kwa kuwa yote aliyauliza mwenyewe kwa wanafunzi. Mwisho alisema, "Baba, Dodoma nitasoma habari zao. Hapa nitasoma nao." Walikubaliana apeleke maombi sehemu zote mbili, pamoja na nyumbani Unguja, na zikipatikana nafasi zaidi ya moja, hesabu ya fedha ndiyo itakayokata shauri.

Hatusemi kwamba kila kijana aende Tabora. Anayetaka uhandisi, au sheria, au utafiti wa bahari, atakuwa amefanya vyema kufuata njia nyingine, na kwa wengi jina kubwa la Mlimani limebeba sifa inayostahili. Tunalosema ni kwamba kijana huyu alikwenda kuchagua akiwa na neno moja, Dar es Salaam, na akarudi akiwa na sababu. Chaguo lenye sababu, hata likigeuka, mwenyewe hujua kwa nini limegeuka.

Kwa mzazi na kijana watakaopata nafasi ya kutembelea vyuo, yapo mambo ya kutazama. La kwanza ni ithibati: je, chuo na somo lenyewe vinatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Si swali la kudharau. Mwaka 2020 Tume ilitangaza kufuta usajili wa vyuo vishiriki kadhaa. Kijana aliyejiunga na chuo cha namna hiyo bila kuuliza hujikuta akitafuta kwa kuhamia. La pili ni walimu: wangapi wanafundisha somo hilo hasa, na wangapi wapo chuoni kila siku. La tatu ni mahali pa kufanyia kazi kwa mikono, iwe maabara, shamba, hospitali au shule, na kama mwanafunzi huyafikia au huyatazama dirishani. La nne ni malazi, maji na usalama wa njia za usiku, hasa kwa watoto wa kike. La tano ni gharama yote kwa jumla, maana ada ni sehemu tu. Iko nauli ya boti na basi, chumba, chakula na vitabu. Na maswali haya waulizwe kwanza wanafunzi, kisha ofisi.

Walakini tunajua kwamba familia nyingi haziwezi kufunga safari ya namna hii. Kijana wetu alifika Tabora kwa sababu ya harusi. Mvuvi wa Micheweni au mkulima wa Sikonge hatauza ng'ombe wake wa mwisho ili mwanawe akatazame maktaba. Kadhalika, wengi wa vijana hawa wakati matokeo yanatoka wako katika makambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kama lile la Msange hapa Tabora, au ndiyo kwanza wametoka, na maombi huyajaza kwa simu ya kuazima. Basi jambo hili haliwezi kuachwa mikononi mwa wazazi peke yao. Hapa ndipo tunapowageukia viongozi.

Rai yetu ya kwanza kwa wizara zinazohusika na elimu, za Muungano na za Zanzibar, ni kwamba ziara ya vyuo ifanywe sehemu ya mwaka wa kidato cha tano, wakati bado kuna nafasi ya kufikiri. Maonyesho ya elimu ya juu yanayofanyika kila mwaka katika viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ni jambo jema, lakini meza yenye kitambaa na vipeperushi haiwezi kumwonesha mtu chumba atakacholala. Treni ipo, na mabasi ya shule yapo. Shule tano za mkoa mmoja zikishirikiana, gari moja latosha.

Rai ya pili ni kwa vyuo vyenyewe. Kila chuo kitangaze kwa Kiswahili kilicho wazi, kabla ya Julai, idadi ya vitanda vyake, idadi ya walimu wa kila somo, na gharama yote ya mwaka. Kisicho na haya kitatangaza. Kitakachonyamaza, wananchi watajua maana ya kimya chake.

Rai ya tatu haihitaji hata senti ya Hazina. Kila shule ya sekondari ya juu iweke daftari moja la vyuo. Kila mwanafunzi aliyemaliza hapo akajiunga na chuo alete, mwisho wa mwaka wake wa kwanza, kurasa mbili za habari za kweli: alichokikuta, alichokikosa, na angependa kuwa ameambiwa nini. Walimu walihifadhi, na kidato cha sita walisome. Baada ya miaka mitano, shule ya Wete au ya Urambo itakuwa na maarifa ya njia kama aliyokuwa nayo kirangozi wa Bagamoyo, ambaye naye hakuvumbua visima peke yake. Aliambiwa na waliomtangulia.

Mji wa Tabora una heshima yake katika historia ya maamuzi. Hapa, mwezi wa Januari 1958, wajumbe wa TANU walijadili kama washiriki au wasusie uchaguzi wa kura tatu, ambao ulimlazimisha kila mpiga kura kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wengi walifika wakiwa na hasira, na walikuwa na haki ya hasira hiyo. Lakini walisikiliza hoja, wakapima, wakakubali kushiriki, na taifa likauita Uamuzi wa Busara. Uamuzi wa kijana mmoja kuhusu chuo chake si mkubwa kama ule, lakini kwake yeye na kwa wazazi wake hakuna ulio mkubwa zaidi. Taifa linalowakopesha vijana wake fedha za kusoma halina budi kuwapa na nafasi ya kuona wanakopelekwa. Kuuliza njia si ujinga, na aliyekwisha kufika ana wajibu wa kuieleza.